Bega la Bi Siwema Lapewa Thelathini na Nane

Thelathini na nane kwa mia. Hiyo ndiyo alama aliyosomewa Siwema binti Zahoro asubuhi ya Jumanne, katika kliniki ya mifupa ya hospitali moja ya mjini, hatua chache kutoka Posta. Ilisomwa kama anavyosomewa mtoto wa darasa la nne aliyefeli hesabu. Na wala hakusomewa yeye! Alisomewa bintiye, Maimuna, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wa mama yake mapajani.

"Dada, bega la mama limepata thelathini na nane," alisema Nice, yule binti wa mazoezi ya viungo ambaye kazi yake ni kujaza fomu za wagonjwa waliobadilishwa mabega. "Kwa mtu aliyemaliza mwaka ni ndogo sana. Miezi sita ilikuwa arobaini na moja. Badala ya kupanda, inashuka."

Maimuna akashika kichwa. Mwenye bega alikuwa amekaa kitandani katikati yao, miguu inaning'inia, na hakuna kati ya wale wawili aliyemtupia jicho. Wahenga wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo. Haya, huyu alikuwepo, tena bega lenyewe alikuja nalo mwenyewe kutoka Magomeni, na lake bado halikuwepo. Sasa hapo wahenga wanasemaje?

Siwema akageuza uso, akalitazama pazia. Lilikuwa pazia la kijani la kuzungushia kitanda, limetundikwa kihuni. Kulabu tano zilikuwa zimechomoka kwenye ringi, upande mmoja ulikuwa unaburuza sakafuni, na pale katikati palikuwa na mwanya ambao mgonjwa akivua blauzi, foleni nzima ya nje inamsalimia. Mwaka mzima, kila alipoletwa pale, alilitazama pazia lile na kujizuia.

Lilimkera kwa sababu mapazia ndiyo maisha yake. Mumewe alifariki Maimuna akiwa na miaka mitano, na hakumwachia kitu zaidi ya cherehani na jina zuri. Siwema akaichukua cherehani, akaenda nayo Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, kwenye duka la mapazia la Jashoda, mama mmoja wa Kihindi ambaye naye alikuwa ameanza biashara si muda mrefu. Jashoda akampa meza moja ya kukatia, pembeni, chini ya feni. Aliikalia meza ile miaka ishirini na sita. Akamwita tajiri wake Mama Jeet, kwa jina la mtoto wake, na Mama Jeet akamwita Siwema tu, maana walishazoeana mpaka kununiana.

Na usidhani alikuwa mshonaji wa kukaa kitako. Mafundi wengi hushona, kisha humtafuta mwanamume wa kwenda kufunga. Siwema alifunga mwenyewe. Alipanda ngazi, bomba la pazia begani, kulabu kinywani, mikono yote miwili juu ya kichwa nusu saa nzima, akitandaza na kupanga mikunjo mpaka pazia litulie. Kumbi za harusi, nyumba za Upanga, ofisi za watu wa bandarini, kote huko alipanda. Alikuwa akisema pazia likifungwa na mtu ambaye hakulishona, halilali.

Basi bega la kulia ndilo lililolipa. Lilianza kwa kulia kama bawaba kavu. Watu wakasema baridi. Wengine wakasema umri, na jirani mmoja mwenye mdomo wake akasema ni kijicho cha mafundi wenzake. Akachuliwa, akachomwa sindano, akanywa vidonge mpaka tumbo likakataa. Mwisho akawa anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, na usiku Maimuna anamsikia mama yake akilia huku ameuma upindo wa kanga ili asisikike. Lililomuumiza zaidi hakumwambia mtu. Akisimama kwenye swala, mkono wa kushoto unafika sikioni, wa kulia unaishia kiunoni, na anaona haya mbele ya Mola wake kumsalimia nusu nusu.

Daktari Keyur ndiye aliyeisoma picha ya eksirei. Huyu ni mtoto wa Kisutu, kazaliwa hapahapa mjini, Kiswahili chake hakina chenga. Akamwambia wazi: "Mama, gegedu limekwisha. Mfupa unasaga mfupa. Nitakata hicho kichwa kilicholika nikuwekee kofia ya chuma, na upande wa pili nikutilie kikombe cha plastiki. Zamani kofia hizi zilikuja na shina refu linalopigiliwa ndani ya mfupa wa mkono. Hii ninayotaka kukuwekea haina shina. Inakaa hapo juu tu. Mfupa wako mgumu, tuuache ubaki wako."

"Kumbe ni kama lile bomba la pazia la kubana," alisema Siwema, "halitoboi ukuta."

Daktari alicheka akasema ndiyo hivyo hivyo. Siku ile walielewana, yeye na daktari, mtu na mtu. Kumbukeni hilo.

Upasuaji ukaenda salama. Wiki sita mkono ukaning'inia shingoni kwenye mbeleko yake. Mwezi wa tatu mazoezi, na machozi ya mazoezi. Mwezi wa tano, asubuhi moja, aliamka akajikuta amelalia ubavu wa kulia, bega la chuma chini, na wala halikuwa limemwamsha. Alikaa kitandani akalia kwa furaha. Alfajiri ile alisimama kuswali, mikono yote miwili ikapanda mpaka masikioni.

Sasa hebu niambieni, mwanamke wa namna hiyo anapataje thelathini na nane?

Anaipata kwa mapenzi, ndiyo jibu. Kwa mapenzi ya watu wema waliomzunguka wakamfanya kilema. Siku aliyotoka hospitali, Maimuna aliteremsha vyombo vyote vya rafu ya juu akavipanga chini, kwenye ndoo, ili mama asinyooshe mkono. Havikurudi juu tena. Kila Ijumaa alimketisha mkekani akamsuka. Kila usiku alimpangia mito ubavuni kama ukuta, asije akageukia upande ule. Wapangaji wa nyumba nao wakaingia kazini. Siwema akigusa ndoo, uani kote wanapiga kelele: "Bi Siwema, bega!" Akishika birika, mtoto wa watu anamnyang'anya: "Pole bibi, lete nikubebee." Hapa kwetu mtu mzima akionekana na mzigo mkononi ni aibu ya wote, na nani atakataa kupokewa mzigo? Ukikataa unaambiwa una kiburi.

Na hapa lazima tuseme kweli, maana hasira bila haki ni kelele tu. Siwema naye alikosea. Alipoona mkono umerudi, hakusema. Alichoka kupigiwa kelele, akawa anasubiri Maimuna aende kazini ndipo afue mashuka, ayakamue na kuyaanika kwenye kamba ya juu. Maimuna akirudi akiuliza, anajibiwa ni jirani kasaidia. Nguvu zake akawa anazificha kama mwizi anavyoficha mali. Basi shahidi atoke wapi?

Kosa la pili alilifanya palepale kliniki, siku ya fomu ya kwanza. Nice, kwa adabu zote, aliamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akauliza: "Mama, maumivu yakoje?"

"Alhamdulillah," akajibu Siwema.

"Kwa namba, mama. Sifuri hakuna maumivu, kumi hayavumiliki. Unajipa ngapi?"

"Alhamdulillah, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Lakini angejibuje jamani? Tangu azaliwe hajawahi kuulizwa hali yake akaijibu kwa namba. Ukiumwa unashukuru, ukipona unashukuru, anayekusikiliza atajua mwenyewe kwa sauti. Fomu haina masikio. Nice alimwuliza mara ya tatu, akaangalia saa, akaangalia foleni, kisha akageuza kiti kidogo kuelekea kwa Maimuna. "Dada, labda nisaidie wewe."

Kiti kile hakikugeuzwa tena. Miezi mitatu, miezi sita, na sasa mwaka, Nice anauliza kule, Maimuna anajibu kule, na Siwema yuko hapa kitandani kama jora la kitambaa lililoletwa kupimwa.

Angeweza kuyameza na hayo. Ameyameza makubwa zaidi. Lakini juma lililopita Mama Jeet alimpigia simu. "Siwema, sikiliza. Idi inakuja, unajua mwenyewe oda za Idi. Meza yako ipo, nimeifunika na shuka mwaka mzima, hakuna aliyeigusa. Lakini Kasmir ananiuliza kila siku kama aichukue. Nikupandishe tena kwenye ngazi ukavunjika, nitamwambia nini Maimuna? Niletee barua ya daktari. Ikisema mkono umepona, njoo kesho. Isiposema, mwisho wa mwezi nampa Kasmir." Kasmir! Kijana anayefunga pazia huku akiongea na simu! Siwema hakulala vizuri siku ile, na halikuwa bega lililomnyima usingizi.

Ndiyo maana thelathini na nane ilimwingia kama mwiba. Pazia likasogezwa, akaingia Daktari Keyur na picha mpya ya eksirei mkononi. Akaamkia, akaibandika picha kwenye ule ubao wenye taa, akasimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Picha ni nzuri mno," alisema. "Kofia haijasogea hata kidogo, mfupa umeishika sawasawa." Kisha akaichukua fomu kwa Nice, akaisoma, uso ukasawijika. Akamgeukia Maimuna. "Lakini mama hawezi kitu. Hapa kuna jambo silielewi. Pengine msuli umechanika, pengine kuna uambukizo umejificha. Itabidi tumfanyie vipimo zaidi, na ikilazimu tufungue tena tuangalie ndani."

"Mungu wangu," alisema Maimuna. "Na ile barua ya kazini?"

"Barua siwezi kuandika. Kazi ya mikono juu aisahau kwanza." Akashusha pumzi. "Nitakwambia ukweli, dada. Nimeweka mabega kumi na manne ya namna hii, na haya majibu yote tunayakusanya tujue kama yanasaidia watu wetu. Hili la mama ndilo linalonirudisha nyuma. Kuna mwalimu mmoja nje hapo kwenye foleni, alitaka hili hili. Nafikiria nimshauri asubiri."

Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

"Nice," aliita Siwema. Sauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwa ile aliyokuwa akiwaitia wapakiaji wa Kariakoo wanapoburuza jora lake kwenye matope. "Nisomee nilivyojibu."

"Mama, ni fomu tu ya..."

"Nisomee. Bega langu, majibu yangu. Nataka kuyasikia, maana kutoka kinywani mwangu sikuyasikia."

Nice akamtazama daktari, daktari akatikisa kichwa kukubali. Akasoma. "Kuchana nywele mwenyewe. Hawezi."

"Nani kasema?"

"Mimi, mama," alisema Maimuna. "Si mimi ninayekusuka kila Ijumaa?"

"Unanisuka, Mungu akulipe. Umewahi kuniachia kitana?"

Maimuna akainamia mkoba.

"Endelea," alisema Siwema.

"Kulalia upande uliopasuliwa. Hawezi. Kufikia kitu kwenye rafu ya juu. Hawezi."

"Rafu ya juu! Nyumba nzima haina kitu rafu ya juu! Vikombe vyangu vya harusi viko chini kwenye ndoo kama vimehamishwa na mafuriko, nifikie nini huko juu, buibui?"

"Mama, usipandishe presha," alisema Maimuna, machozi yakimlengalenga. "Sikudanganya. Nimesema ninachokiona."

Na ni kweli, hakudanganya. Hilo ndilo lililomchoma Siwema kuliko yote. Mwanawe hakusema neno hata moja la uongo, na fomu nzima ilikuwa uongo. Angekuwa mwongo angemwadhibu yakaisha. Lakini huyu ni mtoto aliyelisikia lile jino likiuma kanga usiku, akaapa mama yake hatalia tena, na kwa kiapo hicho akamfunga kamba.

"Mimi nina hasira," alisema Siwema, na alipolisema alijisikia mwepesi. "Nina hasira na wewe, Maimuna, kwa sababu unanipenda kama maiti. Nina hasira na wewe, Nice. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na wewe umekwenda kumwuliza aliyekaa matanga! Na wewe daktari, siku ya kwanza uliongea na mimi, nikakuelewa, nikakupa bega langu ulikate. Baada ya kulikata ukaanza kuongea na watoto. Kwani mlinikata na ulimi? Halafu mwalimu wa watu huko nje aendelee kusagika mifupa kwa sababu mimi nasukwa nywele!"

Foleni ya nje ilikuwa imegeuka yote kutazama, maana kupitia ule mwanya wa pazia walikuwa wanaona kila kitu. Mzee mmoja mwenye mkono kwenye mbeleko alikuwa amenyoosha shingo kabisa. Siwema alipowaona, hasira ikapata pa kwenda.

"Na hili pazia lenu ni aibu," alisema. "Mwaka mzima mnawavua watu nguo mbele ya umati!"

Akateremka kitandani. Pembeni palikuwa na kile kijingazi cha vipandio viwili cha kupandia kitandani. Akakisogeza kwa mguu, akakijaribu kama kimekaa imara, akapanda.

"Mama, bega!" alipiga kelele Maimuna, akaruka kutoka kitini.

"Ndiyo, nimepanda nalo."

Maimuna alinyoosha mikono kumshika. Daktari Keyur akamzuia kwa kiganja. Siwema akafungua ile pini iliyokuwa kwenye mtandio wake, akaibana midomoni, kwa mazoea tu. Akalishika pazia kwa upindo wa juu. Mkono wa kulia ukapanda. Ukapita bega, ukapita sikio, ukanyooka mpaka kwenye bomba, na pale ukatulia ukifanya kazi. Kulabu ya kwanza ikaingia kwenye ringi yake. Ya pili. Ya tatu ilikuwa imepinda, akaichomoa, akainyoosha kwa gumba, akairudisha. Alichukua muda wake. Alipomaliza ya tano aliliachia pazia lote lining'inie, akajivuta nyuma kidogo kulikagua, hakuridhika, akapanga mikunjo upya kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, mikono yote miwili juu ya kichwa.

Kisha akalifunga. Foleni ikapotea. Mwanya haukuwepo tena.

Ndani ya pazia walibaki wanne. Siwema akateremka mwenyewe, akairudisha pini kwenye mtandio, akakaa kitandani. Alikuwa anahema kidogo, na jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo.

Daktari Keyur alikuwa bado anatazama bomba. Akakohoa. Na mazoea yana nguvu, jamani, kwa sababu baada ya kuyaona yote hayo kwa macho yake, alimgeukia nani? "Dada Maimuna, hivi nyumbani pia anaweza kunyoosha namna hii? Hapati maumivu baadaye?"

Siwema akafumba macho.

"Muulize mwenyewe, daktari," alisema Maimuna. Alikuwa analia waziwazi sasa, na hakujifuta. "Mimi sijui. Nilidhani najua. Mwenyewe huyo amekaa mbele yako."

Akasimama, akauweka ule mkoba mapajani mwa mama yake, akavuta kiti chake akakisogeza nyuma mpaka ukutani.

Nice hakuhitaji kuambiwa. Alichukua fomu mpya, akageuza kiti chake chote, magoti yake yakawa yanatazamana na magoti ya Siwema. "Samahani, mama," alisema. "Tuanze upya. Kuchana nywele?"

"Naweza."

"Kulalia upande uliopasuliwa?"

"Mito ikiondolewa, naweza. Nimelala hivyo siku nyingi wakinisahau."

"Kujisugua mgongo kwa mkono huo?"

Siwema akaujaribu mkono kwa nyuma, ukafika kiunoni ukagoma. Alikunja uso. Hakutaka kupewa kisicho chake. "Hapo bado. Andika bado."

"Kurusha mpira?"

"Mpira sijawahi kurusha tangu nizaliwe. Nani katunga maswali haya? Andika kupanda ngazi, kutundika pazia la mita tatu, na kuinua mikono kwenye takbira. Kama hakuna mahali, chora mstari."

Nice akachora mstari. Daktari Keyur alikuwa ameinama kwenye kona ya meza, anaandika barua kwa mkono wake, na juu kabisa aliandika jina la Jashoda, yaani Mama Jeet. Kisha bila kuinua kichwa akasema kwamba yule mwalimu wa nje aingie akitoka Bi Siwema, na kama Bi Siwema hana haraka, basi abaki kidogo azungumze naye.

"Swali la mwisho, mama," alisema Nice. Kalamu ilikuwa tayari. "Maumivu. Sifuri mpaka kumi."

Lile neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, kama siku zote. Siwema akalizuia hapohapo, akawatazama wote watatu, mmoja mmoja.

"Sifuri," alisema. "Andika sifuri, nione ukiiandika. Na Alhamdulillah iweke pembeni, hiyo haina namba."